Namba Niliyoibadilisha Nikanyamaza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka napumua kama mtu aliyetua mzigo. Umeniuliza kama ni kosa kubadilisha namba ya kadi ya mtandao kwenye kompyuta. Keti nikujibu.

Nilikuwa kijana, fundi wa kompyuta katika zahanati moja huku Manga. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake, na mtandao wetu ulipokea tu zile namba zilizoorodheshwa. Radi ikapiga, wazijua radi za milima yetu, kompyuta ya mapokezi ikazima. Nikaipeleka Kisii mjini itengenezwe. Mahali pake nikaweka nyingine, nikaipa namba ya ile mbovu ili mtandao uikubali bila kungoja iorodheshwe. Wagonjwa wakahudumiwa siku ileile. Hadi hapo sikuwa nimekosa, ila sikumwambia mtu wala kuandika popote. Nilipenda kuonekana mjuzi.

Baada ya wiki mbili ile ya kwanza ikarudi nzima, ikawekwa maabara. Sasa kompyuta mbili, namba moja. Mtandao haukujua upeleke kazi kwa ipi. Majibu ya damu yakawa yanafika leo, kesho yanapotea. Mama mmoja mjamzito kutoka Birongo alitolewa damu mara mbili. Lawama zikamwangukia Kemunto, karani wa maabara, akaambiwa Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho kazini.

Jumanne niligundua kosa. Watu walipoenda kula, nikairudishia kompyuta ya mapokezi namba yake yenyewe, nikaiingiza kwenye orodha. Mambo yakatengemaa. Kumbe nilimwongezea Kemunto kesi: daktari mkuu alimwambia, "Unaona? Umeogopa, sasa unafanya kazi." Na Ijumaa ikabaki palepale.

Alhamisi akaja Mzee Omwenga, aliyenifundisha ufundi, kukagua mitambo. Akatazama kumbukumbu za mtandao, akaniita kando.

"Namba ya kompyuta ya mapokezi uliibadilisha wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Sababu ulikuwa nayo, tena nzuri. Mbona uliificha?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Nenda kwa daktari kabla sijaenda mimi."

Nilikwenda, nikaeleza yote. Daktari akamwita Kemunto, akamwomba radhi mbele yangu na kumwambia abaki kazini. Mimi nikapewa daftari: kila ninachobadilisha, niandike.

Kemunto alinitazama. "Siku mbili ulikuwa unanisalimia asubuhi huku ukijua."

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Nilikuwa nimeshamwambia mama kwamba narudi nyumbani." Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akacheka huku akifuta machozi. Nami nikahisi kifua kimefunguka. Sabato ile niliimba kanisani bila kuinamisha macho.

Basi, mwanangu, badilisha namba ukiwa na sababu. Kadi imekufa na kazi haiwezi kungoja, badilisha. Hutaki wenye mitandao ya mjini wakufuatilie kila unapoingia, badilisha. Lakini kuvaa namba ya mwenzako ili uingie usikokaribishwa, huo ni wizi hata ukiitwa ujanja. Na hata sababu ikiwa njema, sema, uandike, maana ukimya wako unaweza kumfukuzisha mtu kazi. Ukikosa, wahi kukiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu aibariki mikono yako, akupe ulimi mwepesi wa kweli, na watu unaofanya nao kazi wafurahi wakikuona unaingia.