Farasi Aliyekula Miraa

Siku ya kwanza kazini sikumgusa farasi hata mmoja. Nilipewa toroli na uma wa kutolea samadi, nikaonyeshwa mabanda kumi na manne, na Mkuu wa Masaisi akaniambia, "Ukifika la mwisho, rudi la kwanza. Watakuwa wamechafua tena." Nilikuwa nimetoka Nkubu asubuhi hiyo, nimeacha shule kidato cha pili, nikiamini kwamba mtu aliyekulia kati ya ng'ombe hawezi kushindwa na farasi. Shamba lilikuwa juu ya Kiirua, kule ngano inakoanzia na upepo wa mlima haumwachi mtu hata saa sita mchana.

Saisi ni mtunza farasi. Nyinyi vijana mkitazama mbio mnamwona joki, yule mpandaji wa shati la rangi. Joki huwa na farasi dakika chache tu. Saisi ndiye anayemlisha, kumsugua, kumkagua kwato na kumpapasa miguu kila asubuhi akitafuta joto, kwa maana mguu wenye joto ni mguu unaouma. Mwaka wangu wa kwanza nilijifunza hayo tu. Meneja wa shamba, mtu mrefu asiyependa maneno, alikuwa akipita akiuliza, "Miguu?" Nami najibu, "Baridi, bwana." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa miezi.

Kisha nikapelekwa kwa Mkufunzi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye leseni ya kufundisha farasi wa mbio za kuruka viunzi, na sisi sote tulimwita Madam. Kwake ndipo nilipojua kwamba kuruka hakuanzi na kuruka. Farasi mchanga huanza na ufito uliolazwa chini. Anavuka akitembea, wiki nzima, mpaka asiutazame tena. Halafu gogo la kufika magotini, huku mtu amesimama katikati akimzungusha kwa kamba ndefu, mgongoni hana mzigo. Baadaye anawekewa mpandaji, na ubavuni anapewa farasi mzee aliyezoea viunzi, wakimbie sambamba, mchanga amwige mkubwa. Siku mbili kwa wiki ni kupanda vilima polepole ili pumzi ikue. Nikimwona kijana anampeleka farasi moja kwa moja kwenye kiunzi kirefu, moyo huniuma.

Sheria nazo alinifundisha tukiwa tunasugua matandiko. Kila kiunzi kina bendera mbili, nyekundu kulia na nyeupe kushoto. Farasi akipita nje yake bila kurudi, ametoka mashindanoni. Joki akianguka, haruhusiwi kupanda tena na kuendelea. Joki hupimwa uzito pamoja na tandiko kabla ya mbio na baada yake, na akipungua, ushindi umekwenda. Mshindi hupelekwa kwenye banda la vipimo, daktari achukue mkojo wake kuhakikisha hana kitu mwilini ila chakula na maji. "Na mkojo ule ukitiwa chupani," Madam alisema, "ni wewe unayetia sahihi. Si mimi."

Farasi wangu aliitwa Shabaha. Alikuwa mwekundu, mwenye mguu mmoja mweupe, mpole kama kondoo mpaka aone kiunzi. Nilimfundisha tangu ufito wa kwanza. Alipokuwa tayari tulimpakia kwenye lori kwenda Nairobi, mimi nikikaa nyuma naye njia nzima. Siku ya mbio aliruka viunzi vyote kana kwamba anavuka mtaro wa maji. Alishinda. Nilimwongoza kwenye banda la vipimo nikimpigia mluzi, maana farasi aliyezoezwa hukojoa akisikia mluzi wa saisi wake, nikatia sahihi kwa furaha.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Kwenye mkojo wa Shabaha kulikutwa kichangamshi. Mkufunzi na saisi wake waitwe mbele ya wasimamizi wa mbio.

Madam alinisomea barua ile tukiwa kwenye ghala la nyasi. "Daktari anasema ni kitu cha jamii ya miraa," akasema. "Nani angemlisha farasi miraa?"

Nilikumbuka lori, na koti langu, na kibunda cha miraa nilichonunua cha kunichangamsha njiani. Tulipopita Embu Shabaha aliingiza mdomo mfukoni, akang'oa majani na vijiti, akatafuna masikio yamesimama. Nami nilicheka. Nilimwachia na yaliyobaki.

Siku chache zile hadi tulipoitwa zilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeshaoa, na mke wangu alikuwa na mtoto mchanga, Kinoti wetu. Nilipomweleza aliniuliza jambo moja tu: "Ukinyamaza, nani atabeba?"

"Madam," nikasema.

"Basi unajua, Baba Kinoti."

Nje ya chumba cha wasimamizi Madam alininong'oneza, "Nitajibu mimi. Sheria inamshika mkufunzi, awe alijua au hakujua. Wewe nyamaza." Nilielewa alichokuwa akifanya. Alidhani ni mmoja wetu masaisi, na hakutaka kujua nani.

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti akavua miwani. "Nani alimpa farasi huyu dawa?"

Madam alifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. "Hakupewa, bwana. Alichukua miraa mfukoni mwangu, ndani ya lori. Nilimwona. Nilicheka, nikamwachia."

"Hukujua sheria?"

"Nilijua hapaswi kupewa dawa. Sikufikiria miraa ni dawa. Kwetu ni miraa tu."

Mmoja wao alicheka, kisha akajikaza. Tulitolewa nje, tukaitwa tena. Ushindi ulichukuliwa ukapewa farasi wa pili. Madam alitozwa faini, lakini leseni yake ikabaki. Mimi nikapigwa marufuku uwanjani msimu mzima.

Tulirudi kwa gari lake kupitia Embu. Tulipopita Chuka akasema, akitazama barabara, "Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Uwanjani wamekukataa. Kwangu hujafukuzwa. Na hilo koti ulichome."

Pale Nkubu walinicheka msimu mzima. "Ati farasi alikula akashinda? Basi tuache kuuzia watu, tuuzie farasi!" Nilicheka nao, ingawa ndani ilikuwa ikiuma. Miraa sijaigusa tangu siku ile. Msimu uliofuata Shabaha alikuja wa pili, akapimwa kwa sababu ya kosa lile la kwanza, vipimo vikawa safi, na sahihi yangu ikawa kwenye karatasi ya vipimo. Niwaambie kweli, nafasi ile ya pili niliionea fahari kuliko ule ushindi.

Mkuu wa Masaisi alipostaafu, Madam alinipa cheo chake. Jambo la kwanza nililofanya ni kuchukua ovaroli za masaisi wote nikashona mifuko ikafungwa. Walininung'unikia sana. Lakini kwa miaka yote niliyowaongoza, hakuna farasi wetu mwingine aliyeitwa kwa wasimamizi.

Madam alipozeeka aliuza farasi, nami nikachukuliwa na mkulima mmoja wa chai kule Kibugu, karibu na msitu, aliyetaka kuanza na farasi watatu. Ardhi nyekundu, mvua nyingi, miteremko ya kuteleza. Nilianza upya, ufito kwa ufito, nikiwa na mvi. Huko ndiko nilikostaafu mwaka jana.

Siku yangu ya mwisho tulikuwa na jike mchanga aliyekataa gogo siku nne mfululizo. Mpandaji wake, Wawira, binti hodari wa Embu, alikuwa amechoka. "Mzee, niruhusu kiboko. Mara moja tu."

"Hapana. Shuka."

Alishuka. Nilimwambia alegeze hatamu, tukakaa wote wawili juu ya gogo lenyewe tukanywa uji, huku jike akitutazama. Akaja akanusa gogo. Akarudi nyuma. Akaja tena, akanusa viatu vya Wawira. Mwajiri wangu alikuja na bahasha yangu na maneno aliyotayarisha, nikamwomba asubiri. Alisubiri, mtu mwenye chai ya kuchumwa, amesimama kwenye matope.

Jua lilikuwa limepanda tulipoinuka pale kwenye gogo. Wawira alipanda, akamzungusha mara moja. Jike akainua masikio, akalijia gogo kwa mwendo wake mwenyewe, akaruka juu kupita kiasi, kama wote wanavyofanya mara ya kwanza.

Wawira alipiga kelele ambayo hata kanisani wangeisikia. Mimi nilikwenda nikampapasa yule jike miguu yote minne. Ilikuwa baridi. Ndipo nikamgeukia mwajiri wangu nikamwambia, "Sasa waweza kuniaga."