Watu Kumi na Wawili, Sufuria Moja

Mama Generose hakuwa mwongo. Alidanganya mara moja tu maishani, tena kwa sombe ya majani ya muhogo na bugali, na uongo huo nusura uwakoseshe wenzake nyumba.

Alikuwa mjane, muuza mawese mtaani Mulongwe, mwenye nyumba ya vyumba viwili kwenye parseli, kiwanja kidogo alichoachiwa na marehemu mumewe. Mafuriko yalipozoa nyumba za kando ya mto, alimpokea mwashi Thaddée na mkewe na watoto wanne. Kisha akampokea Félicité, mjane mwenzake, na watoto wake wanne. Walisema ni wiki mbili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walilichukua wenyewe. Thaddée alijenga chumba cha mbao na mabati nyuma, akaongeza kingine ubavuni, hadi kwenda chooni ikawa lazima mtu apite kiubavuubavu. Generose alilalamika kila siku, na alikuwa na furaha.

Kisha ikaja sheria ya mji. Parseli ya ukubwa ule ibebe kaya moja tu, na ukuta wa nyumba uache mita tatu hadi mpakani. Vyumba vya ziada vitabomolewa. Shefu wa avenyi, kiongozi wa mtaa wao, alipita akieleza kwamba maafisa watakuja kuhesabu, na kwamba kaya kwao ni watu wanaokula sufuria moja. Hapo Generose akapata akili.

Asubuhi ya hesabu, mababula mawili ya wageni, yale majiko ya makaa, yalisukumwa uvunguni mwa kitanda. Kwenye lake mwenyewe Generose alibandika sufuria kubwa ya misiba, aliyoiazima kwa akina mama wa kanisani, akaijaza sombe. Afisa, binti mpole aitwaye Candide, akawakuta watu kumi na wawili wamelizunguka sinia moja la bugali. Akauliza hawa wote ni nani.

“Ni watu yangu hawa,” Generose akajibu. “Wanakula kwangu.”

Kwa desturi ya huku hata huwezi kuuita uongo: anayekula bugali wako ni wako. Candide akakaribishwa, akanawa mikono, akala, akaandika kaya moja, wala hakupima kuta. Nyumba nzima ilicheka hadi jioni.

Miezi mitatu baadaye orodha ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya komini, utawala wa sehemu ile ya mji. Mji ulikuwa umepima viwanja upande wa barabara ya Luvungi, kila kimoja na nyumba ndogo ya matofali, kwa ajili ya kaya zilizopoteza makazi na bado zinabanana kwa watu. Majirani walisoma majina yao. Thaddée na Félicité hawakuwamo, kwa kuwa kwenye karatasi hawakuwa kaya. Walikuwa watu wa Generose. Malalamiko yangepokelewa hadi Ijumaa.

Siku mbili Generose aliuza mawese akikosea vipimo. Akinyamaza, atabaki nao. Akisema, vyumba vitaanguka na watu wataondoka. Aliogopa, na hakuogopa kubomolewa. Aliogopa kubaki peke yake. Thaddée hakumpa hata sababu ya kukasirika.

“Mama, minye siwezi kwenda kukuchongea,” alisema. “Weye ndiye ulitupokea.”

Félicité aliinamia ungo wake. Aliendelea kuchambua maharage, machozi yakimlengalenga.

Mficha uchi hazai. Alhamisi Generose alivaa kitenge cha kanisani, akaenda ofisini, akamweleza Candide yote, na mababula ya uvunguni pia. Candide akamkumbusha kwamba akiandika kaya tatu, itambidi aandike na vyumba vya kubomoa.

“Andika yote,” Generose akasema. “Hawa watu iko na haki ya nyumba yao.”

Viwanja vilitoka kabla ya mvua. Thaddée alivibomoa kwa mikono yake vyumba alivyovijenga, akinyoosha kila msumari, na mabati Generose akawapa wakaezekee vibanda vyao vipya vya kupikia. Pikipiki zikabeba magodoro. Kilio cha Félicité siku hiyo kilisikika hadi barabarani.

Wiki iliyofuata Candide alikuja na kamba ya kupimia. Akapima mbele, nyuma na ubavuni, akasema sasa parseli ya Mama iko sawa kabisa na sheria.

“Iko sawa, nimekubali,” Generose akasema, akiutazama ua uliofagiwa. “Lakini asubuhi nitasalimia nani?”