Fundi wa Buyenzi na pampu tatu zilizoungua

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Radjabu amepiga magoti ndani ya gari jeupe la Kijapani, pale palipokuwa na kiti cha nyuma kabla hajaking'oa. Mkono wake wa kulia umezama hadi kiwiko kwenye tundu la tangi la petroli. Anapapasa, anashika, kisha anautoa mkono ghafla.

"Inaunguza!" anasema, akipuliza vidole vinavyonuka petroli, esansi kwa lugha ya hapa. "Pompi inakaa ndani ya esansi. Namna gani iunguze?"

Mafundi wa jirani wanaangua kicheko. "Muzee Radjabu anapika mandazi mu rezerevwari!" mmoja anamtania, akionyesha tangi.

Radjabu hacheki. Anaokota kipande cha kioo, anakamata mwale wa jua na kuutupa ndani ya tangi. Pampu imesimama humo kavu kama mti wa kiangazi. Petroli iliyobaki inailowesha nyayo tu.

Anashuka garini, anakaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Hii ni pampu ya tatu kuungua tangu Januari mwaka huu wa 1998. Ile ya pili iliondoka na Adija, mdogo wake.

Radjabu ana miaka arobaini na sita, ishirini na mitano kati ya hiyo akiwa mvunguni mwa magari. Kabla ya vita alitengeneza magari manne kwa siku. Sasa manne kwa wiki ni neema. Vita vimemfunza ufundi ambao hakuna shule inayoufundisha: kuchonga gasketi kwa ndala, kuziba tangi kwa sabuni, kufufua betri iliyokwisha kuzikwa.

Vilimfunza pia kusema maneno ambayo leo anayajutia.

Mwaka 1996 nchi jirani zilifunga mipaka, eti kuwatia adabu wakubwa waliopindua serikali. Wakubwa hawakupungukiwa hata kijiko. Aliyetiwa adabu ni mama mwenye homa wa mtaa wa Kanyosha, na dereva anayevizia madumu ya petroli ya magendo kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Mtaa wa Buyenzi hausahau. Unaikumbuka 72, unaikumbuka 88, unaikumbuka 93, miaka ya mauaji. Kila mara wakubwa wanagombana, wadogo wanazikwa, halafu redio inatangaza kwamba hali ni shwari.

Petroli ikawa dhahabu. Ukijaza tangi, wenye bunduki wanakusimamisha kwenye kizuizi, wanaingiza mpira, wanafyonza, wanakuachia harufu. Hapo ndipo Radjabu alipotunga dawa yake: weka lita mbili tatu, za kwenda na kurudi, basi.

"Gari yenye njaa haina mwizi," aliwaambia madereva. Msemo ukapendwa. Ukavuka Buyenzi, ukafika Kinama, ukashuka hadi Kanyosha.

Gari jeupe ni la Muhanna, mfanyabiashara wa nguo ambaye babu zake walitoka Omani. Mchana lilifanya teksi. Mgonjwa akitokea, lilikuwa la kila mtu, bila malipo. Dereva wake alikuwa Aboubacar, mume wa Adija, mkazi wa Kanyosha, mtu mpole, msikivu kupita kiasi. Alishika dawa ya shemeji yake kama mwanafunzi wa chuoni anavyoshika sura fupi.

Pampu ya kwanza ilipokufa Januari, Radjabu alimimina petroli kwenye chupa nyeupe, akaiacha itulie. Chini pakaonekana tone la maji. "Watu wa magendo wanatuuzia ziwa," akasema. Akabadilisha pampu, akabadilisha chujio, akapima nyaya kwa taa ndogo. Gari likawaka.

Asubuhi moja ya Aprili, uchungu ulimshika Adija. Mtoto alikaa vibaya, mkunga akasema hospitali, tena upesi. Aboubacar alimpakia mkewe. Walipofika Kinindo, mtaa wa matajiri, gari lilikohoa mara mbili, likazima katikati ya barabara.

Kulia ukuta, kushoto ukuta. Nyuma ya kuta, magari yenye matangi yaliyojaa. Aboubacar aligonga mageti manne. Kwenye la nne mlinzi alichungulia kwa tundu, akasema, "Bosi amekataa kufungua. Pole, ndugu yangu." Dakika arobaini zikapita. Pampu ilipopoa, gari likawaka lenyewe, kana kwamba hakuna kilichotokea. Adija alikuwa amekwisha nyamaza. Mtoto naye.

Msibani, mbele ya waombolezaji, Radjabu alimnyooshea Aboubacar kidole. "We ndiye umenunua maji! Umeua mudogo wangu kwa esansi ya bei ya bure!"

Muhanna alichukua funguo, akamkabidhi Radjabu, na maneno ya msibani yalifanya mengine. Hakuna tena aliyempa Aboubacar gari. Leo analima maharage kwenye shamba la watu.

Kuanzia hapo Radjabu aliendesha mwenyewe. Alinunua petroli mwenyewe, akaichuja kwa kanga mara mbili, akaiacha itulie siku nzima. Tone la maji halikuwamo. Na bado, wiki hii, pampu ya tatu imeungulia mikononi mwake.

"Hapo nikakosa mutu wa kunyooshea kidole," anasema.

Jumatatu hiyohiyo alifunga pampu nyingine na kufanya jaribio. Kwa lita tatu, gari lilizima baada ya saa mbili. Kesho yake akaazima lita ishirini kwa Muhanna, akamimina zote. Likanguruma kutwa, bila kukohoa.

Magari ya zamani aliyojifunzia, pampu hukaa juu kwenye injini. Haya mapya, pampu ni ya umeme na imezamishwa tangini, na petroli inayoizunguka ndiyo maji yake ya kuoga. Tangi likiwa tupu, inajichemsha mpaka inakufa. Ikipoa, inafufuka kidogo.

"Mi ndiye niliambia watu wote waache gari na njaa," anasema. "Wizi wa esansi nilizuia. Kifo cha Adija sikuzuia."

Jumatano alikwenda Kanyosha. Alimkuta Aboubacar shambani, akamweleza yote akiwa amesimama kwenye tuta. Aboubacar aliendelea kulima hadi mwisho wa mstari.

"Nilisikia kitu kinalia kama nyuki, nyuma, chini ya kiti," akasema hatimaye. "Tangu Januari. Nikajiambia, fundi ni yeye, mi ni dereva tu."

"Kwa nini haukuniambia, shemeji?"

"Ungenisikia?"

Waridi, dada yake Aboubacar, ana mimba ya miezi minane, na njia yake ya hospitali ni ileile ya Kinindo. Muhanna amekubali tangi lisishuke chini ya nusu, hata kama vizuizini watafyonza. Palepale shambani Radjabu alimnyooshea Aboubacar funguo. Aboubacar hakuzipokea.

"Apana, shemeji. Ulinichafua mbele ya watu. Huku mu maharage tuko wawili na Mungu. Unisafishe kule ulinichafulia."

Ndiyo maana Ijumaa hii, baada ya swala, Radjabu amewaita madereva, mafundi na wote waliokaa msibani. Anajua wapo watakaomcheka, na wapo watakaopeleka magari yao kwa fundi mwingine. Anachotaka ni kimoja: siku ya Waridi ikifika, aliye nyuma ya usukani awe Aboubacar.

"Nimefikiri maneno ya kusema," anasema, akifuta mikono kwa tambara. "Ningeanza na pompi, ningeanza na vita, watu wangenihurumia. Apana. Nitaanza na jina langu: mi, Radjabu, ndiye nilikosa."