Nilimpigisha mama magoti ili nisifiwe kwa taa niliyomnunulia

Wakuu, wakubwa shikamooni. Haya hayakusimuliwa na jirani, ni yangu, na yananitia aibu.

Nilipoondoka nyumbani, mtaa wa Mirongo, kwenda Afrika Kusini, mjomba wangu wa Sengerema alisema hata nauli ya kurudi nitaomba nyumbani. Nimerudi na diploma ya umeme, nimejenga Kiseke, mama naishi naye. Hilo naomba lieleweke.

Magoti ya mama yamesagika. Hospitali walimpa dawa na mazoezi. Mimi nikaona wanachelewesha, nikaagiza mkanda wa taa nyekundu wa kutuliza maumivu. Kila jioni nikawa namfunga magotini mwenyewe, nabonyeza, dakika ishirini. Nilisema mama hawezi vitu vya umeme.

Wiki ya tatu nikamuuliza. Akasema anaona nafuu.

Nikatangaza kwenye grupu la ukoo kwamba nimemponya.

Jumapili mjomba akavuka ziwa kwa kivuko kuja kuona. Ni kaka mkubwa wa mama, na kwetu Wasukuma mwanamke humwamkia kaka yake kwa kupiga magoti. Mama alishasamehewa hilo tangu miaka mingi kwa sababu ya maumivu. Nikamwambia mbele ya mjomba na ndugu aliokuja nao, "Mama, hebu mwonyeshe."

Alinitazama. Akapiga magoti, akaamkia vizuri kabisa.

Kisha hakuinuka.

Tulimnyanyua mimi na mke wangu. Jasho linamtoka, bado anatabasamu kwa ajili yangu.

Chumbani mke wangu akamuuliza kuhusu taa. Mama akasema, "Ananifunga juu ya kitenge. Ningefunuaje mapaja mbele ya mwanangu?"

Wakuu, maelekezo yanasema ngozi iwe wazi. Niliyasoma. Kitenge nilikiona kila jioni, nikaona haya kumwambia, nikajidanganya kuwa mwanga utapenya. Mtu wa umeme huyo.

Sasa anajifunga mwenyewe, mlango umefungwa. Vitufe alivijua mara moja. Mazoezi ya hospitali, aliyoyaacha taa ilipokuja, ameyarudia. Anasema maumivu yamepungua kidogo.

Nilimfuata mjomba Sengerema kuomba radhi. Akasema, "Mimi goti haliniumi. Umemwomba dada yangu?"

Nilikuwa sijamwomba.

Nilirudi siku hiyo hiyo, nikapiga magoti mimi. Mama akaniambia, "Inuka, baba, utachafua suruali."

Nilichojifunza: mzazi akisema "nafuu", huenda anakuhurumia wewe.

Nyie mnawaulizaje wazee wenu mpaka wakawaambia ukweli? Hata wa kunisema, karibuni.