Meza Iliyojengwa Mgonjwa Akiwa Ndani

Enzi zetu sisi tuliokulia kando ya mto Kilombero, mtoto alijua kuogopa kabla hajajua kusoma. Mimi kusoma nilichelewa. Niliingia darasa la kwanza nikiwapita wenzangu wote kimo, na sioni haya kulisema. Katika woga, hata hivyo, nilikwisha kuhitimu. Ule mkubwa kuliko wote ulinikuta nyumbani kwetu Mofu, Jumatatu ya Juma Kuu, baba alipoanza kupasua mbao uani ilhali mama amelala ndani, hajiwezi kwa homa.

Wa rika langu watanielewa. Kwetu msumeno haukulia penye mgonjwa. Ilisemwa kwamba mbao huita jeneza. Shangazi, dada yake baba, alifika mbio, unga wa mchele ungali mikononi.

"Kaka, unamchongea mkeo sanduku angali hai?"

"Natengeneza meza, dada. Mto unapanda, na maji hayasubiri mwiko."

Kutoka ndani ikatoka sauti nyembamba ya mama: "Gombaneni polepole, bado nasikia."

Shangazi alicheka huku akifuta machozi. Mimi sikucheka. Nilikaa mlangoni nikitazama kifua cha mama kikipanda na kushuka, na kila msumeno uliponyamaza nilihofu kwamba na chenyewe kimenyamaza.

Baba hakuwa seremala. Maisha yake yote alikuwa amejenga madungu tu, yale majukwaa ya kuamia ndege katika mashamba ya mpunga. Akaunda farasi wawili wa mbao, miguu imetanuka kama ya mbuzi anayekataa kuvutwa, ili mbao ndefu zilazwe juu yao. Kimo hakukipima kwa kiti. Alikipima ukutani, kwenye alama ya tope iliyoachwa na mafuriko ya nyuma, akaongeza shubiri moja. Meza ikamfika kifuani.

"Mume wangu," mama aliuliza ilipoingizwa ndani, "hapo tutakula au tutaamia ndege?"

Kisha baba akaisugua kwa msasa na kuipaka nta ya nyuki kutoka Masagati, tena na tena, mpaka ikang'aa. Kitu pekee cha mbao nilichowahi kuona kikipakwa na kung'arishwa kwa bidii namna ile kilikuwa kimebeba maiti. Nilikataa hata ugali. Baba alichimba mashimo sakafuni, akaizika miguu ya farasi na kuishindilia udongo, nami nikaona wazi kwamba sasa anachimba kweli.

Alhamisi Kuu, mchana, maji yaliingia bila kelele. Yalipita chini ya mlango, yakalowesha majivu ya jikoni, yakaanza kupanda. Shangazi, aliyeilaani meza, ndiye aliyeipanda wa kwanza, akampokea mama kutoka mikononi mwa baba pamoja na mkeka wake. Nami nikarushwa juu. Baba alibaki chini, maji kiunoni, ameegemea mbao kwa bega. Shangazi alisali rozari. Mimi nilisikiliza miguu ya meza. Ikilia tu, nilijua, itavunjika, na mama hana nguvu za kuogelea.

Haikulia. Ijumaa Kuu maji yalirudi mtoni. Mama alifumbua macho na kuomba uji, siku ambayo sisi wengine tulifunga. Shangazi hakuutaja tena ule mwiko. Baada ya Pasaka alikuwa akiwaeleza majirani kwamba meza ile lilikuwa wazo lake.

Siku hizi vijana hununua meza Ifakara mjini, za unga wa mbao ulioshindiliwa, zinazovimba kikombe cha chai kikimwagika. Wajukuu wangu huogopa chaji kuisha. Gizani humulika kwa simu hata njia ya kwenda chooni. Siwalaumu. Nyumba yangu ni ya saruji, na tahadhari ya mvua huisoma mwenyewe kwenye simu kabla wingu halijatanda. Lakini tangu mume wangu azikwe, masika yanapoanza hukaa kitandani nimevaa viatu, nikisikiliza bati. Utotoni niliogopa kuliko hivi, ila nilikuwa nimebanwa katikati ya watu wawili, mmoja anasali na mwingine ana joto la homa, na chini yetu kuna mwanamume aliyesimama majini.