Viatu Mlangoni mwa Kompyuta

Wiki jana nilienda kumwona mwalimu wa Kiswahili wa binti yangu, katika shule moja ya upili huku Nyamasaria. Nilimkuta nje ya chumba cha kompyuta. Darasa zima lilikuwa limesimama na soksi, viatu vimepangwa ukutani. Kanisani kwetu, nyumbani mwa Mungu, tunaingia na viatu.

Mwalimu alimwonyesha mwalimu mkuu andalio lake la somo. "Nimepanga leo waandike insha kwa kompyuta, kisha wasahihishane hapo kwa kioo."

"Leo wataiona tu," akasema mkuu, ameshika ufunguo.

"Muhula uliopita pia waliiona tu."

"Mwalimu, hii mashine ikiingia vumbi inashika virusi. Insha waandike kwa daftari."

Akafungua mlango. Ndani mlikuwa na kompyuta moja mezani; akainua kitambaa cha kufuma kilichoifunika, kama kile mke wangu hufunikia redio. Watoto wakachungulia kioo cheusi, akafunika tena.

Mimi nilibaki mlangoni nikifuata waya wake kwa macho. Ulishuka mezani, ukapita juu ya sakafu iliyosuguliwa ikang'aa, ukaishia konani. Kuta zote nne hazikuwa na soketi hata moja.

"Bwana mkuu," nikauliza, "hii inawashwa wapi?"

Alishusha macho taratibu hadi kwenye miguu yangu.

"Mzee, kwanza toa viatu."

Watoto wote wakageuka kunitazama. Na mimi, na shaka zangu zote, nikainama nikafungua kamba.