Kompyuta Iliyozima Kila Nikitoka Nyumbani

Nikikaa nyumbani, inafanya kazi. Nikitoka, inazima.

Usicheke. Ndivyo ilivyokuwa, na ilinikosesha kazi niliyoiota tangu siku ya kwanza nilipochora jicho likapepesa.

Mimi natengeneza katuni za video. Mtaani jina langu halisi wamelisahau, wananiita Katuni tu. "Shikamoo, anti Katuni!" Nahariri pia video za watu: mahafali, mikutano, matangazo ya saluni, chochote kinacholeta riziki. Jioni na wikiendi ndiyo pumzi yangu, maana siku za kawaida mchana nafundisha kuchora kwenye kituo kimoja cha vijana.

Naishi na mama yangu. Alikuwa fundi cherehani, sasa yuko nyumbani. Kona ya sebule, chini ya dirisha, ndiyo ofisi yangu.

Siku moja nikapigiwa simu na mwanamke anayeandaa vipindi vya watoto vya televisheni. Kila mtu anamwita Madamu.

"Nimeona kazi zako," akasema. "Nitengenezee kipindi kimoja cha majaribio. Nikikipenda, vyote vinavyofuata ni vyako."

Vyote!

Nilikaa chini, kwenye sakafu, kiti kikiwa pembeni yangu.

Tatizo likawa laptop yangu. Ilikuwa imechoka hadi inatia huruma. Ukiiwekea mchoro wenye tabaka nyingi inaganda, duara linazunguka, unaenda kuchemsha chai, unarudi, duara bado linazunguka.

Nikaamua: kompyuta ya mezani. Mashine ya kazi, siyo ya kuandikia barua.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma.

Kila niliyemuuliza ana lake. Huyu anasema angalia prosesa kwanza. Yule anasema achana na prosesa, jaza RAM. Mwingine anasema vyote hivyo ni bure kama kadi ya grafiki ni dhaifu. Nilisoma, nikatazama video za watu wanaofungua makasha, mpaka nikawa naota feni.

Dukani nikakutana na muuzaji ambaye mama alimpa jina palepale: Waranti. Nilienda na mama, ndiyo. Aligoma kubaki.

"Hii ina waranti," jamaa akasema. "Hii pia ina waranti. Lakini dada, njoo uone hii. Taa zake zinabadilika rangi!"

"Kaka, mimi sinunui taa."

"Hata bluu? Hata zambarau?"

Nikamwambia kazi yangu ni katuni na video, siyo disko. Nikachagua sanduku jeusi, baya kwa sura, halina hata taa moja ya urembo. Lakini ndani! Prosesa ya nguvu, RAM ya kutosha na nafasi ya kuongeza, diski ya kasi, na kadi ya grafiki ambayo nilikuwa naitazama kwenye simu kama picha ya mchumba.

"Ikisumbua, unaleta nakubadilishia," Waranti akasema. "Mara mbili. Ya tatu, itakuwa wewe, mimi na Mungu."

Tukacheka.

Nyumbani mashine ilipaa. Nilichovuta kikavutika, nilichochezesha kikacheza. Mama akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni, akamwona mtoto wa katuni anaruka kamba.

"Huyu kafundishwa na nani?" akauliza.

Siku hiyo nililala nikitabasamu.

Sasa, kwenye kazi hii kuna kitu tunaita kurenda. Ukimaliza kuchora na kupanga, unaiachia kompyuta ichukue vipande vyote ivipike viwe video moja. Inapika kwa masaa. Feni inanguruma, kasha linapata moto, na wewe huna cha kufanya ila kusubiri. Usiku ulikuwa wa kuchora, kwa hiyo kurenda nilipanga mchana, nikiwa kazini. Nawasha, nazima kioo ili kisile umeme bure, naondoka.

Mara ya kwanza nikarudi nikaikuta kimya.

Nikafurahi. Nikajua imemaliza.

Nikawasha kioo. Giza. Kompyuta imezima, na video haipo. Hata nusu haipo.

Nikarudia kesho yake. Nikarudi, imezima.

Nikarudia tena. Imezima.

"Mama, hii kitu inajizima!"

"Inajizima?" Mama akaja mbio akiwa na mwiko mkononi. "Mi nilijua tu. Ilikuwa na moto ile! Irudishe, mwanangu. Wamekupiga."

Tukairudisha. Waranti akaiweka mezani, akaiachia kazi nzito tangu anafungua duka hadi anafunga. Haikuzima.

"Dada, mashine ni nzima."

"Nzima vipi wakati kwangu inazima?"

Mama akaingilia. Mama yangu akiingilia, duka zima linageuka. "Kijana, mwanangu ana kazi ya televisheni! Unataka akose kazi kwa ajili ya hilo jeneza lako?"

Wateja wakaanza kunong'ona. Waranti akatazama mlango, akaona mmoja anatoka, akakubali kubadilisha.

Yenye nguvu sawa na ile ilikuwa moja tu. Ile ya taa.

Basi sebule yetu ikawa disko. Bluu, kijani, zambarau. Watoto wa jirani wakawa wanakuja dirishani kuchungulia. Nikavumilia, maana Madamu alishaanza kuuliza.

"Katuni, tumefikia wapi?"

"Narenda, Madamu."

Nikaondoka kwenda kufundisha. Nikarudi.

Giza. Hakuna bluu, hakuna zambarau.

Nilipiga yowe. Sina namna nyingine ya kueleza.

Wikiendi nikakaa nayo nyumbani, nikaiwekea kazi ndefu makusudi, nikaikodolea macho kuanzia asubuhi. Haikuzima! Ilinguruma mpaka mwisho, ikamaliza kipande cha kwanza. Nikapata dakika chache za kipindi. Siku ya kazi ilipofika nikatoka, nikarudi, imezima.

Nikamsimulia mwalimu mwenzangu pale kituoni. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Una mtu anayekuonea wivu?"

"Kwa kipi nilichonacho?"

"Ya kwako siyo ya fundi," akasema. "Omba."

Nikaomba. Sikatai, niliomba. Nikaweka mkono juu ya kompyuta inayowaka taa za zambarau nikaiombea, mama akaitikia amina. Kesho yake ikazima.

"Tatizo ni moto," mama akasema. "Hizi ulizochagua zote zina hasira. Chagua mashine yenye upole. Inayonyamaza."

Na mimi, nikiwa nimechanganyikiwa, maneno yale yakaniingia. Nikarudi kwa Waranti na kubadilisha mara ya pili. Niliacha nguvu, niliacha kadi ya ndoto zangu, nikachukua kimashine cha ofisini kwa sababu moja tu: hakikuwa na kelele wala hakikuchemka sana.

Waranti alinitazama kwa huruma. "Dada, hii kwa katuni itakutesa."

"Angalau haitazima."

Kweli ilinitesa. Kilichokuwa kinarendwa kwa nusu siku sasa kilitaka siku nzima. Nikiburuta mchoro, unakuja baada ya kufikiria. Madamu akapiga, nikamwomba muda. Akanipa, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Ulikuwa ule upole wa mtu ambaye ameshaanza kumtafuta mwingine.

Nikaiachia irende, nikatoka.

Nikarudi.

Imezima.

Sikupiga yowe safari hii. Nilikaa kwenye ukingo wa kochi na mkoba wangu begani, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Mama akakaa pembeni yangu, akanisugua mgongo. "Hawa watu wa kompyuta," akasema, "Mungu anawaona."

Likabaki jambo moja tu ambalo sikuwa nimelijaribu: umeme wa nyumba.

Nikamwita fundi umeme, mzee mmoja mpole asiye na maneno mengi. Nikamwelewesha. Akapima soketi, akasema iko sawa. Nikamwambia hapana, inaharibika nikiondoka. Akanitazama kidogo.

"Ukiondoka?"

"Fundi, tafadhali usiniulize. Kaa hapa na kipimo chako. Uniangalie hii soketi mpaka nirudi."

Nikarenda, nikaenda kufundisha, nikarudi mbio.

Mama alikuwa jikoni. Fundi alikuwa kwenye kochi, kipimo kiko kwenye soketi, anakula machungwa aliyomenyewa.

Kompyuta imezima.

"Fundi! Umeona? Umeme ulikatika?"

"Haukukatika hata kidogo. Umeme wako ni mzuri kabisa."

"Sasa imezimaje?"

Akafuta mikono. "Kwani si mama kaizima? Alisema imechoka. Nikajua ndiyo utaratibu wenu."

Nilisikia masikio yanapiga filimbi.

"Mama!"

Mama akatoka jikoni, anakausha mikono kwenye kanga.

"Mama, umeizima kompyuta?"

"Ndiyo," akajibu, wala hakupepesa. "Ilikuwa inalia. Wewe haupo, imeachwa peke yake, haina hata picha kwenye kioo, inanguruma tu. Nikabonyeza kile kitufe mpaka ikanyamaza."

"Na juzi?"

"Na juzi."

"Na ile ya taa?"

"Ile ndiyo ilikuwa inachemka kama pasi!"

"Na ya kwanza, Mama? Ile nyeusi?"

"Ile nayo niliipumzisha, maskini."

Fundi umeme akaanza kukusanya vifaa vyake polepole, kama mtu aliyejikuta kwenye msiba ambao hakualikwa.

"Mama," nikasema, "nilikwambia inajizima. Ukaenda mpaka dukani, ukamfokea mtu. Kwa nini hukusema ni wewe?"

Akanishangaa kwa dhati.

"Wewe ulisema inajizima. Mimi nikajua kuna nyakati naizima mimi, na kuna nyakati inajizima yenyewe. Ndiyo maana nikasema ni mbovu."

Nikamvutia kiti.

Ndipo akakaa. Akashikashika pindo la kanga yake.

"Cherehani yangu ya mota," akasema, "unajua iliishaje? Niliiacha inanguruma nikatoka kidogo tu kumpa mteja nguo yake mlangoni. Tukapiga soga. Niliporudi mota inatoa moshi. Ndiyo ikawa mwisho wa ushonaji wangu. Wewe ulikuwa mdogo, nilikwambia tu nimechoka kushona." Akaitazama ile kompyuta. "Nikisikia mashine inaunguruma na mwenyewe hayupo, siwezi kukaa, mwanangu. Siwezi. Nilisema yako haitaungua mimi nikiwepo."

Hasira zangu zote zikakosa pa kutua. Nilitaka kugombana na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa ananilinda.

Nikatoka nje nikazunguka nyumba. Nikarudi nikazunguka tena.

Madamu alinipigia kesho yake. Kazi ameshampa mwingine. Hakunitukana, aliniombea mafanikio, jambo ambalo liliniuma zaidi. Nilijaribu kumweleza. Hebu jaribu na wewe kumweleza mtu wa televisheni kwamba kompyuta yako ilikuwa inapumzishwa na mama.

Nikaenda kwa Waranti kumwomba radhi na kuulizia ile nyeusi.

"Ile? Iliondoka wiki ileile," akasema. "Jamaa wa video za harusi aliichukua. Kila akinunua waya hapa ananiambia hajawahi kuona mashine kama ile."

"Na ya taa?"

"Imeondoka pia. Na wewe, dada, sasa tumefika kwa wewe, mimi na Mungu."

Kwa hiyo nimebaki na kimashine changu cha upole. Kinakohoa, kinajikongoja, kinamaliza. Nimepata kazi nyingine, ndogo, za kuendesha maisha. Nilimketisha mama mbele ya kioo, nikamwonyesha jinsi asilimia zinavyopanda, nikamwambia hiyo kelele siyo kilio, ndiyo kazi yenyewe. Siku hizi kioo sizimi.

Juzi nikiwa darasani simu ikaita.

"Mwanangu, imenyamaza!" Sauti yake ilikuwa juu. "Sijaigusa! Naapa sijaigusa!"

"Kioo kinasemaje, Mama?"

Nikasikia anavuta kiti.

"Mia."

Ndugu zangu mnaotaka kununua kompyuta ya kazi kama zetu, mtashauriwa sana kuhusu prosesa, RAM na kadi. Sikilizeni, yote ni ya kweli. Lakini mashine ikifika nyumbani, wakalisheni mnaoishi nao muwaeleze inachofanya mkiwa hampo. Mimi nilimuuliza muuzaji, nikamuuliza fundi umeme, nikamuuliza hadi Mungu. Aliyekuwa ananipakulia chakula sikumuuliza hata siku moja.